Nyuzi za Wifi na Nyuzi Zako

Swali: Wifi yangu alikulia Marekani na sasa tunaishi naye nyumba moja. Mimi huzungumza kwa Selsiasi, yeye kwa Farenhaiti, na kila mmoja anaona kipimo cha mwenzake ni cha ajabu. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 4 alishikwa na homa. Wifi alimpima akaniita, "Ana mia moja na moja nukta tatu!" Nilikaribia kuzimia. Yeye husema Farenhaiti ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu na Selsiasi kwa ajili ya maji. Je, ana hoja, au ni mazoea tu? Na mtoto nimfundishe kipi?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguliwa. Nianze na hiyo 101.3 kwa kuwa ndiyo iliyokutoa roho. Ni nyuzi 38.5 za Selsiasi. Ni homa, naam, ya kuangaliwa kwa makini, lakini ni homa ambayo umeshaiona kwa mtoto huyo zaidi ya mara moja. Hofu yako ilikuwa ya haki kabisa. Kwa mtu aliyekua na Selsiasi, mia ni maji yanayotokota, na sikio lilisikia mia kabla akili haijauliza ni mia ya nani. Wifi yako hakukosea kusoma, nawe hukukosea kushtuka. Kilichokosekana ni neno moja, jina la kipimo, na nitalirudia neno hilo mbele kwa sababu ndilo ninalolijali kuliko mabishano yote mengine.

Sasa mabishano yenyewe. Wifi yako ana hoja, ila haiko pale anapodhani ipo. Wewe pia unayo, nayo ni nyembamba kuliko unavyoiona. Sehemu kubwa ya kile ambacho kila mmoja wenu anakiita ubora ni mazoea. Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi, na katika miaka yangu ya kufundisha vipimo sijaona mahali msemo huo unapotimia kama hapa. Lakini maneno "mazoea tu" yanalidharau jambo kubwa. Ukisikia leo kuna nyuzi 31, hupigi hesabu yoyote. Unajua papo hapo nguo ya kuvaa, unajua mchana utatafuta kivuli, unajua usiku shuka zito halitahitajika. Nambari hiyo imejishona kwenye ngozi yako kwa maelfu ya siku ulizotoka nje baada ya kuisikia. Huo ni ujuzi wa mwili, kama wa fundi anayejua uzito wa nyundo yake gizani.

Wifi yako anao ujuzi uleule, umeshonwa kwa nambari nyingine. Akisikia 88 anahisi kile unachohisi ukisikia 31. Ukimwambia 31, kwa mwili wake hiyo ni baridi ya maji kuganda. Kwa hiyo anaposema Farenhaiti "inaeleweka", anasema kweli tupu kuhusu nafsi yake, na nawe ukisema Selsiasi inaeleweka unasema kweli kuhusu yako. Kosa huanza pale mmoja anapodhani kueleweka huko kumo ndani ya kipimo chenyewe.

Hili nimelipitia mwenyewe. Niliwahi kufanya kazi kwa karibu mwaka mmoja mahali ambapo hali ya hewa, viyoyozi na oveni zote zilisemwa kwa Farenhaiti. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nabadili kila nambari kichwani, na haikunisaidia kitu. Nilipomaliza hesabu nilikuwa nimeshatoka nje bila koti. Kisha nikaacha kubadili. Nikawa natazama nambari, natoka nje, nauacha mwili ujionee. Wiki chache zilitosha: 50 ni koti, 70 ni shati, 90 ni kutafuta kivuli. Nilipoondoka pale Selsiasi yangu ilikuwa palepale. Vipimo viwili hukaa katika kichwa kimoja kama lugha mbili zinavyokaa, na hakuna anayepoteza Kiswahili chake kwa kujua Kiarabu.

Tuje kwenye ile kauli kwamba Farenhaiti ni ya binadamu na Selsiasi ni ya maji. Hapa historia ina raha yake, na naomba univumilie kidogo.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 katika mji wa Danzig, ambao leo unaitwa Gdańsk na uko Poland. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliishi Uholanzi akitengeneza vyombo vya kioo vya kupimia. Tatizo la zama zake lilikuwa zito: vipimajoto vya mafundi wawili, na mara nyingi hata vya fundi mmoja, havikusoma sawa. Kila mtu alichora mistari yake. Ungeweza kuandika kwamba leo joto ni 14 na mtu wa mji wa pili asijue uliungua au uliganda. Fahrenheit alitaka vyombo vinavyokubaliana, na alifaulu. Mafanikio yake makubwa ni hayo, pamoja na kipimajoto cha zebaki alichokitengeneza mwaka 1714. Nambari zilikuja zikifuata ufundi.

Mwaka 1708 alimtembelea Ole Rømer huko Copenhagen, mwanaastronomia yule aliyeonyesha mwaka 1676 kwamba mwanga una mwendo unaoweza kukadiriwa. Rømer alikuwa na kipimo chake ambamo barafu inayoyeyuka ilikuwa 7.5, joto la mwili 22.5, na maji yanayochemka 60. Fahrenheit alizichukia nusu hizo. Akazidisha kila kitu kwa 4 akapata 30 kwa barafu na 90 kwa mwili. Baadaye akavisogeza vituo hivyo viwili vikawa 32 na 96.

Kwa nini 32 na 96? Toa moja kwa nyingine: unapata 64. Igawe 64 kwa mbili, 32, tena, 16, tena, 8, kisha 4, 2, 1. Fundi mwenye mrija wa kioo, alama mbili na kifaa cha kugawa urefu katikati anaweza kuigawa nafasi hiyo mara sita akapata digrii moja moja bila kubahatisha hata mstari mmoja. Kugawa urefu katika sehemu mia kwa mkono ni kazi ngumu. Kuugawa nusu kwa nusu ni kazi ya kila fundi. Ndiyo maana siwezi kuicheka 32. Ni nambari iliyotoka kwenye meza ya kazi.

Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1724 kwenye jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, Fahrenheit alitaja vituo vitatu. Sifuri ilikuwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, ambao hushuka baridi kuliko barafu peke yake. 32 ilikuwa barafu na maji. 96 ilikuwa joto la mtu mwenye afya, kipimajoto kikiwa mdomoni au kwapani.

Umeona? Mwili wa binadamu ulikuwa mmoja wa nguzo za kipimo hicho. Hapo wifi yako ana haki yake, na ukimwonyesha sehemu hii atafurahi. Ila hadithi haikuishia hapo. Mwili ni nguzo inayotikisika: watu hawalingani, na mtu mmoja halingani na nafsi yake asubuhi na jioni. Fahrenheit alifariki mwaka 1736, na baada yake wapimaji walizidi kuegemea maji. Mwaka 1777 kamati ya Royal Society iliyoongozwa na Henry Cavendish ilieleza jinsi ya kuweka alama za kipimajoto, na maji kuchemka yakashikilia 212 kwa shinikizo maalumu la hewa. Kutoka 32 hadi 212 ni digrii 180 kamili. Mwili ukabaki bila nguzo, na ulipopimwa upya kwa kipimo hicho kilichonyooshwa haukuangukia 96 tena, ukaangukia karibu na 98. Kwa hiyo Farenhaiti anayoijua wifi yako ilishonwa upya kwa maji, barafu upande mmoja na mvuke upande wa pili, sawasawa na Selsiasi. Vipimo hivyo viwili ni ndugu wa baba mmoja waliopewa nambari tofauti. Na siku hizi vyote viwili vinategemea Kelvini, kipimo cha joto cha wanasayansi, ambacho tangu mwaka 2019 kimefungwa kwenye nambari ya fizikia isiyobadilika, iitwayo ya Boltzmann, wala hakihitaji maji.

Nawe usijivune mapema. Anders Celsius, mwanaastronomia wa Uppsala nchini Sweden, alipotoa kipimo chake mwaka 1742 alikiweka kichwa chini miguu juu: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Joto likizidi, nambari ilipungua. Watu walisoma hivyo, na hawakuwa wajinga. Alichofanya Celsius kwa uangalifu mkubwa ni kuthibitisha kwamba barafu huyeyuka kwa joto lilelile popote unapoipimia, ilhali kiwango cha kuchemka kwa maji hufuata shinikizo la hewa. Alifariki mwaka 1744, akiwa na miaka 42 tu, na kipimo kikageuzwa kuwa hiki tunachokijua. Huko Lyon nchini Ufaransa, Jean-Pierre Christin alikuwa ameshakiweka hivyo mwaka 1743. Kwa muda mrefu kiliitwa sentigredi, yaani hatua mia, na jina la Selsiasi likapitishwa rasmi mwaka 1948. Bado utasikia wazee na watangazaji wakisema sentigredi. Wanamaanisha kitu kilekile.

Sasa nizipime hoja zinazotajwa sana, kwa haki.

Wapenzi wa Farenhaiti husema kutoka 0 hadi 100 ndiyo safu ya hali ya hewa anayokutana nayo binadamu: 0 ni baridi kali, 100 ni joto kali. Kwa Selsiasi safu hiyo ni kama -18 hadi 38. Kwa mtu wa nchi zenye majira manne makali hoja hii ina uzuri wake, nambari zote za mwaka zinaenea ndani ya mia. Kwa mtu ambaye mahali pake halijoto haijawahi kushuka chini ya 15 za Selsiasi, nusu nzima ya safu hiyo haina kazi. Hoja hii inasifu kipimo kwa kufanana na tabianchi ya anayekisifu.

Husema pia kwamba Farenhaiti ina digrii ndogo, hivyo ni sahihi zaidi. Ni kweli kwamba badiliko la digrii 1 ya Selsiasi ni badiliko la digrii 1.8 za Farenhaiti. Lakini usahihi ni wa chombo. Selsiasi ikihitaji kuwa nyembamba huongezewa desimali, kama ilivyo kwenye kipimajoto cha homa, na viyoyozi vingi huruhusu nusu digrii. Tena kwa hali ya hewa, upande mmoja wa nyumba yako na upande wa pili hutofautiana kwa zaidi ya digrii moja ya kipimo chochote.

Wapenzi wa Selsiasi nao husema kwamba sifuri kuganda na mia kuchemka ni mantiki safi. Nusu ya hoja hiyo naikubali kwa moyo wote na nusu naiona haina uzito. Mia ya kuchemka haina kazi kubwa nyumbani, kwani hakuna anayeingiza kipimajoto kwenye sufuria ili ajue maji yamechemka, anaona mapovu. Tena ni 100 karibu na usawa wa bahari tu. Kadiri unavyopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban digrii 1 kwa kila mita 300, hivyo penye mwinuko wa mita 2,400 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Lakini sifuri ya barafu ni kitu kingine. Barabara kuwa na utelezi, mabomba kupasuka, mimea kuuawa na baridi, theluji badala ya mvua: yote hayo hugeuka kwenye mstari mmoja, na Selsiasi imeupa mstari huo alama ya kutoa. Ukiona "-" umeshaonywa. Hiyo ndiyo hoja bora kabisa ya Selsiasi kwa mtu asiye mwanasayansi.

Inayobaki ni hoja ya sayansi, nayo naipita haraka. Digrii ya Selsiasi ni sawa kwa ukubwa na Kelvini moja, unajumlisha 273.15 na umefika. Kwa anayefanya hesabu za gesi au umeme hilo humaliza mjadala. Kwa anayetaka kujua kama aanike nguo, halimhusu.

Ukitaka kuona jinsi upendeleo wetu unavyofuata hisia, tazama Uingereza. Idara yao ya hali ya hewa ilianza kuhamia Selsiasi mwaka 1962, na leo utabiri wao ni wa Selsiasi. Lakini kwa miongo mingi magazeti yao yamekuwa na tabia moja: siku za baridi kali huandika kwa Selsiasi, siku za joto kali huandika kwa Farenhaiti. Sababu iko wazi. "-6" hutetemesha kuliko "21", na "100" huunguza kuliko "38". Msomaji anajua zote mbili na hahitaji kuchagua. Kanada walibadili utabiri wao tarehe 1 Aprili 1975, Australia walishabadili mwaka 1972. Marekani walipitisha sheria ya kuhamia vipimo vya metri mwaka huohuo wa 1975, ila iliacha jambo liwe la hiari, na bodi iliyoundwa kulisimamia ikavunjwa mwaka 1982. Ndiyo maana wifi yako alikua kama alivyokua. Hata hivyo, huko huko Marekani taarifa za hali ya hewa za viwanja vya ndege hutolewa kwa Selsiasi, kwa kuwa rubani anayetoka nchi nyingine hawezi kukisia. Mmarekani mmoja anaweza kurusha ndege asubuhi kwa Selsiasi na jioni kuwasha kiyoyozi cha nyumbani kwa Farenhaiti, asione mgongano wowote.

Nirudi kwenye homa, maana hapa upendeleo unagusa afya. Huenda wifi yako ameshakuambia kwamba joto la kawaida la mwili ni 98.6. Nambari hiyo ina desimali, kwa hiyo inaonekana kama imepimwa kwa ustadi mkubwa. Ukweli ni huu: mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich alichapisha matokeo ya kupima joto la wagonjwa wapatao 25,000, akataja 37 za Selsiasi kuwa ndiyo wastani wa mtu mzima mwenye afya. 37 ni nambari ya makadirio, isiyo na desimali. Ilipopelekwa kwenye Farenhaiti kwa hesabu ikawa 98.6, na ile nukta sita ikaonekana kama ugunduzi. Watu wengi wa Farenhaiti wameishi wakiamini kwamba 98.2 ni upungufu na 99 ni ugonjwa, ilhali mwili wenye afya hupanda na kushuka kwa karibu nusu digrii ya Selsiasi kati ya alfajiri na alasiri. Vipimo vya miongo hii ya karibuni vimeonyesha wastani wa chini kidogo, karibu na 36.6 hadi 36.8.

Vivyo hivyo mpaka wa homa: 38 kwa Selsiasi, 100.4 kwa Farenhaiti. Ile nukta nne nayo ni kivuli cha hesabu. Hapa naiona Selsiasi ikimpa mzazi nambari nyepesi za kukumbuka usiku wa manane: 37 salama, 38 homa, 39 homa kali, 40 usingoje. Na kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 3, 38 tu inatosha kumpeleka kwa daktari bila kungoja. Kwa mwanao wa miaka 4, anavyokunywa, anavyopumua na anavyokuitikia vina uzito kuliko desimali.

Kuna kosa moja ambalo hata wasomi huliangukia, na nimelisahihisha kwenye madaftari mengi hadi nimezoea kulitafuta kwanza. Halijoto na badiliko la halijoto havibadilishwi kwa njia moja. Ukisoma kwamba dunia imeongezeka joto kwa nyuzi 1.5 za Selsiasi, ukaingiza 1.5 kwenye programu ya simu, utaambiwa 34.7 za Farenhaiti. Ongezeko la digrii 34.7! Jibu sahihi ni 2.7, kwa sababu badiliko unalizidisha kwa 1.8 basi, ile 32 haihusiki. Vilevile mtu akisema leo kuna 20 na jana kulikuwa 10, hivyo leo joto ni mara mbili, mpeleke kwa wifi yako. Kwake ni 68 na 50, ambayo haifiki hata mara moja na nusu. Kama "mara mbili" hufa kwa kubadili kipimo tu, basi haikuwa duniani tangu mwanzo. Ilikuwa kwenye nambari. Hapa, dada yangu, kujua vipimo viwili hukuonyesha kitu ambacho mwenye kimoja hawezi kukiona kwa urahisi.

Kwa kubadili kichwani, njia ninayoipenda ni hii: zidisha Selsiasi kwa mbili, punguza sehemu ya kumi ya ulichopata, ongeza 32. Nyuzi 25: mara mbili ni 50, punguza 5 inabaki 45, ongeza 32 ni 77. Ni jibu kamili, halina makisio. Wapo wanaozidisha kwa mbili na kuongeza 30; hiyo ni sahihi kwenye 10 pekee, na kwenye 30 inakupa 90 badala ya 86. Kwa hali ya hewa si neno, kwa homa usiitumie kamwe. Zipo pia nambari zinazojigeuza zenyewe na kukaa kichwani bila juhudi: 16 ni karibu 61, na 28 ni karibu 82. Kwenye -40 vipimo vyote viwili husoma sawa.

Sasa nyumbani kwenu. Hali ya hewa na kiyoyozi, kila mtu aseme lugha yake, hakuna atakayeumia. Lakini mambo matatu yanahitaji kipimo kimoja kilichokubaliwa. La kwanza ni kipimajoto cha mtoto. Vingi vya kidijitali vina kitufe au mbinu ya kubadili kati ya C na F, na huweza kubadilika vikibonyezwa kwa bahati mbaya. Kiwekeni kwenye kipimo ambacho daktari wa mtoto anakitumia, na kwenye daftari la dawa andikeni herufi baada ya kila nambari, hata mkiona ni kazi ya bure. La pili ni dawa za friji. Nyingi huandikwa zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, na hizo ni Selsiasi. Kwa Farenhaiti ni takriban 36 hadi 46. Friji ikisoma 5 kwa Farenhaiti imeshaigandisha dawa, na baadhi ya dawa na chanjo zikiganda huharibika bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho. La tatu ni oveni: 180 ya Selsiasi ni karibu 350 ya Farenhaiti, na mtu akiweka 180 ya Farenhaiti, yaani 82 ya Selsiasi, atangoja chakula hadi njaa imwishe.

Umeuliza mimi napenda kipi, japo kwa kuzunguka. Napenda Selsiasi. Naipenda kwa ile sifuri ya barafu, kwa wepesi wa 37, 38 na 39 kitandani kwa mgonjwa, na zaidi kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya dunia huitumia. Kipimo ni makubaliano, na makubaliano ya wengi yana thamani yake. Farenhaiti naiheshimu kwa ufundi wake, na sina hoja yoyote ya kumfanya wifi yako aiache anapozungumzia jua na upepo.

Kuhusu mtoto: kwa kuwa anakua na watu wawili wenye vipimo viwili, mpe vyote viwili, ila usianze na kanuni ya kubadili. Tundikeni kipimajoto cha ukutani chenye mistari pande zote mbili, C huku na F kule, mahali penye kivuli na hewa, mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kila asubuhi kabla hajakitazama mtoeni nje asimame kidogo, akisie. Wewe umuulize kwa Selsiasi, shangazi yake amuulize kwa Farenhaiti, kisha asome mwenyewe aone nani amekaribia.